Mizinga Tumeihifadhi, Mtepe U Wapi?

Jumamosi moja hivi karibuni, mimi na wenzangu watatu tulidamka alfajiri mjini Kilifi tukaabiri matwana kwenda Mombasa. Nia yetu ilikuwa kuyazuru mabaki ya vyombo vya kale yaliyohifadhiwa Fort Jesus, kisha tushuke Bandari ya Kale kabla ya jua kutua. Mwenzetu mmoja, mzee wa Faza aliyestaafu ualimu, tulimfanya nahodha wa safari kwa kuwa babu yake alikuwa mtu wa bahari.

Katika makumbusho ya ngome hiyo tuliviona vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna. Merikebu hiyo ya Wareno iliundwa Bassein, nchini India, na kushushwa majini mwaka 1681. Mwaka 1697 ilikuja kuwasaidia Wareno waliokuwa wamezingirwa ngomeni na Waomani, ikazama mbele ya kuta zile zile ilizokuja kuzinusuru. Ngome nayo ilianguka Desemba 1698. Baina ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu waliyachimbua mabaki yake kwa uangalifu mkubwa. Kiunzi chenyewe kiliachwa chini ya bahari, kwani mbao zilizolowa karne tatu zahitaji gharama kubwa mno kuzihifadhi.

Hapo ngomeni pia ipo mizinga ya manowari mbili zilizokuwa mahasimu. Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani iliivamia Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, ikaizamisha. Königsberg nayo iliangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, lakini mabaharia wake waliing'oa mizinga yake wakaendelea kupigana nayo nchi kavu. Siku hiyo watoto wa shule walikuwa wameizunguka kwa furaha.

Tulipokuwa tukistaajabia chuma hicho, nahodha wetu alikuwa kimya.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" nilimwuliza.

"Ndugu yangu," akajibu, "babu yangu alishona mitepe ujanani mwake. Nimejaliwa watoto sita, na katika nyumba yangu, kuanzia mimi mwenyewe, hakuna ajuaye kulifunga fundo la kwanza."

Msomaji mpendwa, maneno hayo yalinichoma. Mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu, hasa ya Lamu, Pate na Wabajuni. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba pasipo kutegemea msumari wa chuma, na tanga lake la mraba lilikuwa jamvi la miyaa. Ustadi huo ni wa kale mno. Mwandishi Mgiriki wa karne ya kwanza alivitaja vyombo vya kushona katika pwani hii, akasema kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana navyo. Hata hivyo, kazi iliyodumu karne na karne ilififia na kutoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Sisemi kwamba wahifadhi wetu wamekosea. Merikebu ya Wareno na mizinga ya Wazungu ni sehemu ya historia yetu, tupende tusipende. Aidha, Makumbusho ya Lamu yana mifano ya vyombo vya pwani. Lakini mfano mdogo ndani ya kioo haumfundishi kijana kushona ubao kwa ubao. Chuma hujihifadhi chenyewe kwa muda mrefu, ilhali maarifa hukaa vichwani na mikononi mwa watu, na watu hufa.

Zanzibar ilithubutu. Mwaka 2003 mtepe ulishonwa huko, ukawekwa katika Beit al Ajaib. Jumba hilo liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020, na hilo ni funzo kwamba hata kilichohifadhiwa chahitaji kutunzwa.

Je, sisi tunangoja nini? Kijijini Matondoni, kisiwani Lamu, wangali wapo mafundi waundao majahazi kwa tezo na keekee. Wao hutumia misumari, naam, lakini mbao, mkuku na mataruma wanavijua. Waandikwe kazi, wapewe vijana wa kuwafunza, na pamoja na wataalamu wa makumbusho waushone mtepe mmoja mzima utakaoelea baharini. Gharama yake haiwezi kuwa hoja ya kudumu katika taifa lililokwisha kuwatunzia wageni mizinga yao.

Jioni tuliposhuka Bandari ya Kale tulikuta majahazi machache yametia nanga. Mwalimu aliyatazama kwa muda, kisha akatukumbusha walivyonena wahenga: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Naomba turejee tungali na ngama ya kurejea.