Kompyuta Kobe, Katuni Mbio

Kompyuta niliyopewa maabarani ni kobe. Nilipojaribu kutazama katuni yangu ya sekunde 10 katika programu ya Blender, ilijikokota tu, na kesho yake ningeionyesha chamani! Sababu ni hii: niliweka picha 24 kwa kila sekunde, yaani picha 240, na kompyuta huchora kila moja. Basi nikazima vivuli, nikaficha miti, nikapunguza upana na urefu wa picha kwa nusu. Nusu ya nusu ni robo, kwa hivyo nukta za kuchorwa zikabaki robo. Sungura akakimbia. Kumbe alikuwa akichechemea! Nikamrekebisha, ndipo nikarudisha mapambo. Jamani, jaribio halihitaji mapambo.