Aende, lakini aondoke na swali

Katika karne ya 19, kijana wa Kinyamwezi aliyejitwika pembe ya ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo hakuambiwa ameitupa nchi yake. Upagazi ulikuwa sehemu ya kukua. Aliyeiona bahari alirudi na vitambaa, shanga na habari, na wengi waliipanga safari kiangazi ili wawahi mvua za mashamba yao. Leo msanifu majengo kijana wa Urambo akipata kazi Dubai au Berlin, anaulizwa mbona anatukimbia. Naona swali hilo limebisha mlango wa jirani. La kumuuliza ni anaondoka na swali gani kichwani, maana hilo ndilo litakaloamua atajifunza nini huko.

Chukua habari ya Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker, mwaka 2022. Alikwenda Ujerumani mwaka 1985 kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu Berlin, lakini kichwani alibeba joto la madarasa ya kwao. Shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, ilikamilika mwaka 2001, naye hata shahada alikuwa bado. Kuta ni za tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Dari ni la tofali lenye matundu, na juu yake bati limeinuliwa kwa kenchi za nondo zilizochomelewa na mafundi wa kijijini, hivyo hewa ya moto inapanda na kutoka. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hahitaji kufundishwa kanuni hiyo, kwani bani lake la kukaushia majani linafanya kazi vilevile: moto chini, hewa inapanda katikati ya majani yaliyoning'inizwa, inatokea juu. Berlin ilimpa Kéré hesabu na vipimo vya kitu ambacho macho yake yalikwisha kukiona.

Wapo watakaosema kijana akifika ofisi ya ughaibuni hachori shule, anachora vyoo na ngazi miaka mitatu. Kweli, na ni kazi ya kuchosha. Lakini jengo huharibikia kwenye mambo madogo kama hayo, pale ukuta unapokutana na paa na maji yanapopata njia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu wa nyumbani wamechoka na udongo. Wana haki. Paa la udongo la nyumba ya tembe huvuja lisipotunzwa, na anayelisifia tembe mara nyingi analala chini ya bati. Ila Gando kuna bati pia. Kilichobadilika ni mahali lilipowekwa. Na tofali la kushindilia halihitaji tanuri, jambo lenye uzito katika wilaya ambayo miombo yake inakatwa kuchoma tofali na kukaushia tumbaku.

Elimu ya mbali isiyo na swali la hapa, Urambo inaijua. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 Kongwa, ukafika Urambo na Nachingwea, ukiwa na matrekta na wataalamu wengi, na ulipofika mwaka 1951 ulikuwa umeachwa, mamilioni ya pauni yamekwenda. Mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kuanza.

Wengine hawatarudi, na hilo sina dawa yake. Lakini anayerudi tumemwandalia nini? Madarasa mengi ya serikali hujengwa kwa ramani moja, iwe Urambo kwenye joto au Makete kwenye baridi. Halmashauri ikimpa aliyerudi ramani hiyo na kalamu, aliulize bati tu: kwa nini limelalia ukuta, na hewa ya saa nane mchana itatokea wapi?