UNAFUNGA MLANGO NA JIKO LIKO NDANI? MFANYABIASHARA, SOMA HII KABLA HUJALALA

Leo sizungumzii mtaji wala mkopo. Nazungumzia pumzi. Duka likijaa mzigo halafu mwenyewe hayupo, hiyo si biashara tena, ni urithi.

Wa Sumbawanga mnaijua Juni yetu. Upepo ukianza kushuka kutoka Milima ya Mbizi, hata vidole vinakataa kuhesabu chenji. Ndiyo miezi ambayo jiko linahama nje na kuingia ndani ya fremu, na ndiyo nimeamua kuwasimulia yaliyonipata mwenyewe hapa Majengo.

Nilikuwa na fremu ya vyakula, na mbele yake kijana wangu alikuwa anakaanga chipsi. Siku hiyo tulishusha mzigo wa sukari na mafuta, kufuli la mlango likawa bovu. Tukasema, tulale humo humo tulinde mali. Saa tatu usiku dogo akamaliza kukaanga, akaingiza jiko ndani. Makaa yalikuwa mekundu safi, hakuna moshi hata kidogo. Tukaona raha. Tukaziba upenyo wa chini ya mlango kwa viroba ili baridi isipite, tukalala.

Saa nane nikaamka nataka kwenda haja ndogo. Kichwa kinagonga kama kinapigwa nyundo, miguu haina nguvu. Nikajiambia, malaria hiyo. Nikamwita dogo, akaniitikia kama mlevi, na yule kijana hanywi. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikausukuma kwa bega. Baridi ilipoingia ndipo akili ikaanza kurudi. Nikamvuta dogo nje, tukakaa juu ya kreti za soda, yeye anatapika, mimi natetemeka. Alfajiri akapita mama mmoja muuza uji, akatuangalia, akauliza, "Wanangu, mlilala na jiko humo ndani?" Hakuhitaji jibu. Akatuambia twende hospitali, na tukaenda.

Kilichotuokoa ni kibofu, si akili. Ningelala fofofo mpaka asubuhi, leo nisingekuwa naandika.

KUMBE NI NINI HASA?

Kitu chochote kinachowaka kinakula oksijeni. Mkaa, kuni, mafuta ya taa, gesi, vyote. Moto ukipata hewa ya kutosha unaungua vizuri. Hewa ikipungua, moto unaanza kutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ukiivuta, inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Yaani damu inazunguka mwilini kama kawaida lakini imebeba mzigo usio wenyewe. Ubongo na moyo vinakosa hewa huku wewe unaona tu usingizi mtamu.

Hapo ndipo wengi tunakosea. Tunaogopa moshi, tunaamini kaa likishakuwa jekundu limekuwa salama. Moshi angalau unakukohoza, unatoka nje. Kaa jekundu lisilo na moshi linaendelea kutoa hiyo gesi kimya kimya. Hata makaa uliyoyafukia kwa majivu ili yafike asubuhi bado yanaitoa.

Halafu sisi tuko juu. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi, na katika kila pumzi oksijeni ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na mtu aliyeko Dar. Moto nao unavuta hewa hiyo hiyo nyepesi. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Pwani anakwambia "mbona sisi tunafanya na hatufi", mwambie kwanza apande Ufipa.

"MIMI NATUMIA GESI, HAINIHUSU"

Inakuhusu. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 mwezi Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, na mtungi wa gesi ni bora mara nyingi kuliko mkaa. Ila gesi nayo ni moto, na moto unataka hewa. Jiko la gesi limetengenezwa kupikia kwa muda mfupi. Halikutengenezwa liwashwe saa sita mfululizo kupasha chumba kilichofungwa.

Siku hizi kuna na hita za gesi za ndani, zile zisizo na bomba la kutolea hewa chafu nje. Wanaouza wanasema hazina shida kwa sababu zina kifaa kinachozima gesi oksijeni ikishuka. Ni kweli, nyingi zina kifaa hicho, na huzima oksijeni ya chumba ikishuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi kama 18. Lakini elewa kinachopimwa hapo. Kinapima oksijeni, hakipimi kaboni monoksaidi. Kichomeo kikijaa vumbi au masizi, sumu inaweza kutoka hata kabla oksijeni haijashuka kiasi hicho. Ndiyo maana jimbo la California kule Marekani limezikataza hita za aina hii ndani ya nyumba za kuishi. Na kama unazo dukani kwa kuuza, soma kijitabu chake mpaka mwisho, uone kinasema nini kuhusu chumba cha kulala na kuhusu mwinuko, halafu mwambie mteja ukweli. Mteja aliyepona atarudi kununua tena.

Kuna hasara nyingine ambayo wenye duka hatuihesabu. Gesi ikiungua inatoa maji. Kila kilo moja ya gesi ya mtungi inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Ukifunga fremu, mvuke huo unaenda wapi? Kwenye bati, kwenye ukuta, kwenye mfuko wa sukari na gunia la unga. Ukishangaa kwa nini chumvi inalia na katoni za sabuni zinalegea, angalia juu ya jiko lako.

WAZEE WETU WALIJUA

Wahunzi wa zamani wa Kifipa walijenga tanuru za udongo za kuyeyushia chuma, malungu, marefu kumzidi mtu. Malungu hayakupulizwa kwa mivukuto. Chini waliacha matundu kuzunguka tanuru, juu wakaacha wazi. Hewa ya moto ilipanda na kutoka juu, ikavuta hewa mpya iingie chini. Moto ukajipuliza wenyewe.

Chumba chako kinafuata kanuni hiyo hiyo. Tundu moja halitoshi. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

SASA FANYA HIVI

1. Usilale na moto. Hii haina mjadala. Mkaa, hita, jiko la gesi, hata vibatari vingi ndani ya kachumba kadogo. Ukisikia usingizi, moto utoke nje au uzimwe. Matundu ya hewa ni kwa ajili ya saa ambazo uko macho, hayakupi ruhusa ya kulala na jiko.

2. Jiko la mkaa likitoka, litoke kweli. Usiliweke kwenye korido au nyuma ya mlango. Mwagia makaa mchanga au maji ukiwa nje, mpaka yafe. Kulifukia majivu ndani si kulizima.

3. Toboa matundu mawili. Moja karibu na sakafu, ndani ya sentimita 30 kutoka chini. Lingine karibu na dari, ndani ya sentimita 30 kutoka juu, na ikiwezekana ukuta wa pili. Yote yatokee nje, si kwenye fremu ya jirani. Tundu la chini lina faida ya pili: gesi ya mtungi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inakaa sakafuni, inahitaji pa kutokea. Fundi wa nusu siku anakumalizia kwa tofali zenye matundu. Weka wavu panya wasipite, lakini usiyazibe Juni ikifika.

4. Kumbuka jirani. Fremu zetu nyingi zinagawana paa, ukuta wa kati haufiki juu. Moto wako unaweza kumuumiza aliyelala upande wa pili ambaye hana hata kiberiti. Mkae kama wapangaji, mkubaliane.

5. Soma rangi ya moto. Moto wa gesi mzuri ni wa bluu. Ukiona wa njano unaoruka ruka, na sufuria zinashika masizi, kichomeo ni kichafu au hewa haitoshi. Zima, safisha, fungua mlango. Masizi ni ripoti ya jiko lako, usiyafute tu bila kuuliza yametoka wapi.

6. Tofautisha harufu. Gesi ya mtungi imewekewa harufu makusudi ili uvujaji ujulikane. Kaboni monoksaidi haina. Kwa hiyo "sijasikia harufu" haimaanishi uko salama. Ukipata kengele ya kugundua kaboni monoksaidi, nunua, weka betri, ijaribu kila mwezi. Wenye gesti hasa, hii ni yenu.

7. Pasha mwili, usipashe chumba. Blanketi zito, soksi mbili, koti la mtumba, kofia. Chemsha maji jioni, weka kwenye ule mpira wa maji ya moto, kumbatia. Na kwako mwenye jicho la biashara: hivyo vyote ni bidhaa. Mei ikikaribia kwisha, jaza soksi, chupa za chai na mablanketi. Baridi ya Ufipa ni msimu kama msimu wa mahindi.

UTAJUAJE IMEKUPATA?

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu, kuongea kama mlevi. Tunaisingizia malaria, tunaisingizia pombe. Wengine wanakimbilia kusema wamelogwa, na watu wa nje wanavyopenda kututania kwa jina la mji wetu ndiyo kabisa. Angalia dalili tatu: hakuna homa, mmeumwa wawili au zaidi kwa pamoja chumba kimoja, na ukitoka nje unapata nafuu. Hapo mshitaki jiko.

Fungua mlango na madirisha kwanza, mtoe mtu nje. Usiingie ukakaa humo kuhangaika na vitu, utaanguka wewe pia. Asiyejitambua mlaze ubavu, mwangalie kama anapumua. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, bure. Maziwa hayasaidii, kummwagia maji hakusaidii. Anahitaji oksijeni ya hospitali. Ukivuta hewa ya kawaida, mwili unachukua kama saa tano kupunguza nusu tu ya hiyo sumu. Ukiwekewa oksijeni kamili, ni kama saa moja hadi moja na nusu. Mama mjamzito na mtoto mchanga msisubiri hata kama wanaonekana wazima.

Ukifika, sema mapema, "tulilala na jiko ndani." Sema hata kama hujaulizwa. Kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi oksijeni na sumu hii, kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mtu anaisha. Sentensi yako ndiyo itakayomsaidia daktari.

NENO LA MWISHO

Dogo wangu sasa ana kibanda chake cha chipsi. Juzi nilipita jioni kumsalimia, nikamkuta anagombana na kijana wake mpya, aliyekuwa anataka kuingiza jiko ndani kwa sababu ya baridi. Dogo akamwambia, "Mdogo wangu, bora uibiwe sukari." Sikuongeza kitu. Nikanunua chipsi zangu nikaondoka.

Kabla hujafunga leo, angalia juu, angalia chini. Matundu yako mangapi? Kama hakuna, kesho mtafute fundi. Mtumie ujumbe huu mlinzi wako, kijana wako wa dukani, mama ntilie wa jirani, na yule mpangaji wa fremu ya pili. Tuandikie hapa chini: kwenu mnajikingaje na baridi usiku bila jiko? Tujifunze wote.

Kazi njema, na mlale salama.