Mafumbo ya Kunoa Akili

Leo twapenda kusema nanyi juu ya mafumbo. Hatusemi juu ya vitendawili vya jioni, kama kile cha nyumba isiyo na mlango, ambacho jibu lake ni yai. Hivyo ni vizuri, navyo hufunza jicho kuona mfano wa kitu katika kitu kingine. Lakini asiyepata kulisikia jibu aweza kukaa hata alfajiri asilipate, na mwisho hana budi kutoa mji. Twataka fumbo la namna nyingine, ambalo jibu lake limo ndani ya maneno yake lenyewe. Akaaye kitako na kufikiri hatua kwa hatua atalipata, awe mzee au mtoto, wala hahitaji kuambiwa na mtu.

Tuanze mtoni. Mtu ametoka Newala, akateremka hata Ruvuma. Ana chui aliyefungwa kamba, na mbuzi, na mzigo wa majani ya muhogo. (Chui alimpataje? Mwenye fumbo haulizwi.) Mtumbwi ni mdogo, wamchukua yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui pamoja na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi pamoja na majani, majani yatakwisha. Atavukaje?

Fumbo hili ni la kale sana. Limo katika kitabu cha Kilatini cha mafumbo ya kunoa akili za vijana, ambacho husemwa kuwa ni cha mwalimu Alcuin, aliyefariki mwaka 804; huko ni mbwa-mwitu, mbuzi na kabichi. Wanafunzi huanza vema: humvusha mbuzi kwanza, kwani chui hali majani. Kisha hurudi, humvusha chui, na hapo hukwama, kwa kuwa akimwacha chui ng'ambo na mbuzi, mambo yameharibika. Jibu ni kumrudisha mbuzi. Amshushe mbuzi pwani ya huku, ayachukue majani, ayaweke kwa chui, kisha arudi mtupu na kumfuata mbuzi. Safari saba, wala hakuna aliyeliwa. Kinachowazuia wengi si ugumu wa hesabu, bali ni mawazo yao ya kuwa kilichokwisha kuvushwa hakirudishwi. Nani aliwaambia hivyo? Fumbo halikusema.

Basi, wakiisha kulijua, huwa twabadili kidogo. Mtumbwi sasa wachukua mtu na vitu viwili, lakini hakuna vitu viwili viwezavyo kuachwa pamoja bila mtu, hata chui na majani. Hapo huonekana nani alifikiri na nani alikariri. Aliyekariri huanza kumhangaikia mbuzi, maana amesikia ya kuwa siri ni mbuzi. Aliyefikiri huchukua viwili vyovyote, huacha kimoja ng'ambo, hurudi na cha pili, kisha huvuka nacho pamoja na cha tatu. Safari tatu tu. Mbuzi hana siri yoyote safari hii.

Sasa tupande juu. Walio Masasi, chini ya milima ya mawe, huenda wasijue taabu ya maji kama walivyoijua watu wa uwanda wa Makonde. Kule juu mvua huzama katika mchanga, na chemchemi hutokea mabondeni, chini ya ukingo. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiona taabu hiyo kwa macho yake. Hata mabomba yalipoanza kupandisha maji katika miaka ya 1950, wanawake walikuwa wakiteremka na kupanda na mitungi kichwani, na kibaba kimoja kilichomwagika kilikuwa ni hasara.

Wanawake wawili, basi, wana mtungi uliojaa vibaba vinane vya maji. Wana na vibuyu viwili vitupu: kimoja huchukua vibaba vitano, kimoja vitatu. Hawana kipimo kingine. Wagawane nusu kwa nusu, pasipo kumwaga hata tone. Wafanyeje?

Wajaze kibuyu cha tano. Kutoka humo wajaze cha tatu. Katika cha tano vimebaki viwili. Cha tatu wakirudishe mtungini, na vile viwili wavitie katika cha tatu. Tazameni hapo: kibuyu kidogo sasa kina nafasi ya kibaba kimoja tu. Wajaze tena cha tano, wamimine katika kidogo mpaka kijae. Kimetoka kimoja, vimebaki vinne. Kilicho katika kidogo hurudi mtungini, na humo mna vinne pia. Ufunguo wake ni ule upungufu wa kibaba kimoja. Wengi hutazama maji, wachache hutazama nafasi iliyo tupu.

Lakini kuna fumbo lisilo la maji wala la mbuzi, nalo ndilo tulipendalo kuliko yote. Tuliwahi kulitega kijijini mbele ya watu wazima. Tulisema: kila mbuzi ana miguu minne, kitanda hiki kina miguu minne, basi kitanda hiki ni mbuzi. Watu wakacheka sana, na mzee mmoja akauliza maziwa yake yako wapi. Tukasema tena: kila mchawi hutembea usiku, bibi fulani ameonekana akitembea usiku, basi bibi huyo ni mchawi. Hakuna aliyecheka. Wengine waliitikia kwa kichwa.

Ni maneno yale yale, ndugu. Palipokuwa na mbuzi tumeweka mchawi, palipokuwa na miguu minne tumeweka kutembea usiku. Kama hukumu ya kwanza ni upuuzi, ya pili haikosi kuwa upuuzi, hata kama twakubali ya kuwa wachawi hutembea usiku. Na juu ya uwanda ule, ambako mwanamke aliyetaka kuwahi chemchemi aliondoka jogoo la kwanza, ni wangapi walioonekana njiani gizani na mitungi yao? Watu wamefukuzwa vijijini kwa hoja yenye miguu minne. Yule mzee wa maziwa alinyamaza kitambo, kisha akasema polepole, "Mama yangu alikuwa akitoka usiku."

Tunawaachia moja la kwenda nalo. Magunia tisa ya korosho yafanana kwa macho. Manane yana uzito mmoja, moja limepunjwa. Mna mizani ya vitanga viwili, bila mawe ya kupimia, nanyi mwaruhusiwa kupima mara mbili tu. Lipi limepunjwa? Mkishindwa, tupeni mji, lakini usiwe Newala wala Masasi, kwani hiyo tunayo.