Je, Wajua? Nani Angemlaza Nani

Pale Musaga, kwenye vibanda vya nyama choma kando ya barabara inayopanda kuelekea Ijenda, ubishi wa mpira ukiisha huingia wa ngumi. Muhammad Ali na Mike Tyson wakutane ulingoni, kila mmoja akiwa katika ubora wake, nani angelala? Kila meza ina majaji wake, na hakuna jaji asiyekuwa na uhakika. Basi kabla chupa ya pili haijafunguliwa, yapokeeni haya.

Je, wajua kwamba ile hesabu ya "huyu kampiga yule, basi na mwenzake atampiga" ilikufa hapa kwa jirani zetu, Kinshasa? Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali mwaka 1971. Ken Norton akamshinda mwaka 1973, tena akamvunja taya. Halafu akaja George Foreman: alimtandika Frazier kule Kingston Januari 1973, akamtandika Norton kule Caracas Machi 1974, na hakuna kati yao aliyeiona raundi ya tatu. Kwa hesabu ya mezani, Ali alikuwa wa kuombewa tu. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza hata moja, 37 kwa nokauti. Ali alikuwa na miaka 32. Tarehe 30 Oktoba 1974 Ali aliegemea kamba, akajifunika uso, akamwacha kijana apige mpaka mikono ikamwisha nguvu. Raundi ya nane Foreman akawa chini.

Je, wajua pambano hilo lilianza yapata saa kumi alfajiri, ili Wamarekani walitazame jioni yao? Kwa saa za Bujumbura ilikuwa saa kumi na moja.

Je, wajua kompyuta nayo iliwahi kuulizwa swali kama lenu? Mwaka 1967 mtayarishaji wa redio wa Miami, Murray Woroner, aliwapanga mabingwa 16 wa zama mbalimbali, akailisha mashine rekodi zao, kisha matokeo yakatangazwa redioni kama pambano linaloendelea. Ali alitolewa na Jim Jeffries, aliyekuwa bingwa kati ya 1899 na 1905! Ali akakimbilia mahakamani kudai dola milioni moja. Wakapatana, na katika mapatano hayo akakubali kucheza filamu ya pambano na bingwa wa zamani Rocky Marciano. Mwaka 1969 wakajifungia studio, Marciano akiwa amepunguza zaidi ya kilo 20 na kuvaa nywele za bandia, wakarekodi raundi zipatazo 70. Marciano hakuwahi kuyaona matokeo: alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huohuo, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46. Januari 1970 Wamarekani wakamwona Ali akianguka raundi ya 13. Miisho mingine ilikuwa imesharekodiwa tayari, kwa hiyo anayeniambia "kompyuta imesema" namwomba anipishe nipite.

Je, wajua Marciano huyo, mwenye ushindi 49 na sifuri upande wa pili, alipigana akiwa na kilo 84 au 85? Leo uzito wa juu unaanzia kilo 90.7, maana yake angewekwa daraja la chini yake. Lakini usikimbilie kusema mkubwa humla mdogo. Desemba 2024 mjini Riyadh, Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury aliyemzidi kwa karibu kilo 25, na ilikuwa mara ya pili mwaka huo.

Je, wajua Afrika Mashariki tuliwahi kuahidiwa pambano ambalo hakuna kompyuta ingethubutu kulipanga? Wakati wa vita vya Uganda na Tanzania, Idi Amin, bingwa wa ndondi wa Uganda miaka ya 1950, alipendekeza yeye na Mwalimu Nyerere wamalize mambo ulingoni, Muhammad Ali awe refa. Mwalimu hakuvaa glavu. Jeshi lake likaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Ali mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka uliofuata, mjumbe wa Rais Carter wa kuhimiza Olimpiki ya Moscow isusiwe, na Mwalimu akakataa kuonana naye.

Je, wajua zama mbili zimewahi kukutana kweli? Zaidi ya mara moja, na kwa kawaida mzee huumia: Joe Louis mbele ya Marciano mwaka 1951, Larry Holmes mbele ya Mike Tyson mwaka 1988. Ila Foreman. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45 na bukta ileile aliyoivaa Kinshasa, alimlaza Michael Moorer raundi ya 10 akarudisha ubingwa. Usiku ule wa Kinshasa, Moorer alikuwa hajatimiza miaka saba.

Na swali lenu? Ali wa 1974 na Tyson wa 1988 walikaribiana uzito, kilo 98 hivi kila mmoja, ila Ali alimzidi kimo kwa zaidi ya sentimita 10, na pambano la Kinshasa lilipangwa raundi 15, basi na hili liwe hivyo. Mpeni Tyson raundi nne za mwanzo. Mimi naandika Ali, nokauti, raundi ya 11. Anayebisha ananikuta Musaga jioni, naye ndiye atakayelipia nyama.