Kwa Nini Bomba la Kiwalani Linakauka?

Wengi wetu tulio vijijini tunadhani mtu wa Dar es Salaam hana shida ya maji. Tunasema, "Wenzetu wanafungulia bomba tu." Sivyo. Katika makala hii tutaeleza kwa nini bomba la mjini hukauka, na jinsi jambo hilo linavyotuhusu sisi wa vijijini.

Tuanze na Kiwalani. Hii ni kata ya Dar es Salaam iliyo karibu na uwanja wa ndege. Nyumba zimebanana na vichochoro ni vyembamba. Mwezi Oktoba 2022 maji yalipungua sana mjini, ukatangazwa mgao. Mtaa huu ukipata leo, mtaa ule unangoja kesho.

Mama mmoja wa huko, aliyesoma katika darasa letu la jioni, alitueleza hivi: "Mwalimu, naamka saa tisa usiku kusikiliza bomba. Likikoroma, najua maji yanakuja. Likinyamaza, basi tena, hela ya mboga inakwenda kwa muuza madumu. Nikiwapigia simu ndugu zangu kule Matombo, wananiambia na mto wao umepungua. Sasa mwalimu, nani ameyachukua maji?"

Swali hilo ni zuri. Tulijibu pamoja.

MAJI YA MJINI YANATOKA WAPI?

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka katika Mto Ruvu. Mto huu unaanzia katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukagonga milima, ukapanda juu na kupoa. Hapo mvua hunyesha. Msitu huipokea mvua hiyo. Majani huipunguza nguvu, na udongo wenye mizizi huinywa polepole kama sifongo. Kisha maji hutoka kidogo kidogo katika chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Vijito hukusanyika, vikawa mto, nao mto hupita mkoa wa Pwani na kuingia baharini karibu na Bagamoyo.

Kabla ya kufika baharini, maji huvutwa na mitambo miwili. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulijengwa mwaka 1976. Yote miwili imepanuliwa baadaye.

Kwa hiyo mama wa Kiwalani na ndugu zake wa Matombo wanakunywa maji ya mlima mmoja.

TUFANYE HESABU

Mto ukiwa na maji ya kutosha, mitambo hiyo miwili inaweza kutoa lita milioni 466 kwa siku. Mwezi ule wa Oktoba 2022, maji yalishuka hadi kama lita milioni 300.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Tukiwagawia lita milioni 466, kila mtu anapata kama lita 87. Hizo ni ndoo nne na kidogo za lita 20. Tukiwagawia lita milioni 300, kila mtu anapata kama lita 56, yaani hazifiki ndoo tatu. Hapo bado hatujatoa maji ya viwanda, ya hospitali, ya miji mingine iliyo njiani, wala yale yanayovuja katika mabomba yaliyopasuka.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 1978 mkoa huo ulikuwa na watu 843,090 tu. Watu wameongezeka zaidi ya mara sita. Kwa hiyo si haki kusema kila upungufu umeletwa na hewa. Watu wamekuwa wengi, na mto ni ule ule.

HALI YA HEWA IMEBADILIKAJE?

Lakini mto nao umeanza kuyumba. Tangu viwanda vilipoenea duniani, watu wamechoma makaa ya mawe, petroli na dizeli kwa wingi. Moshi wake una hewa inayozuia joto lisitoke duniani, kama blanketi linavyozuia joto la mwili. Kukata misitu na kuichoma kunazidisha hewa hiyo. Dunia sasa ina joto zaidi ya ile ya miaka 150 iliyopita, kwa zaidi ya digrii moja.

Mtu anaweza kusema, "Digrii moja ni nini bwana?" Tazama kanga iliyoanikwa. Siku ya jua kali hukauka upesi, kwa sababu hewa ya moto hubeba unyevu mwingi. Vivyo hivyo hewa ya moto hukausha udongo, mito na mabwawa. Unyevu ule haupotei. Hukaa juu angani, na siku ukishuka, hushuka kwa kishindo. Ndiyo maana ukame na mafuriko ni watoto wa mama mmoja.

Wazee wanaukumbuka mwaka 1997. Ulianza kwa ukame, ukaisha kwa mvua kubwa za elinino. Watu wa Dar es Salaam wanakumbuka pia Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40. Ukame na mafuriko vilikuwapo tangu zamani. Ila joto likizidi, kila kimoja huja na nguvu zaidi.

Hata barafu ya Mlima Kilimanjaro ni ushahidi. Kati ya mwaka 1912 na 2007, barafu hiyo ilipungua kwa sehemu 85 katika kila 100.

KISIMA CHA UANI

Bomba likikauka, watu hukimbilia visima. Baada ya ukame wa 1997 visima vingi vilichimbwa mjini. Vimesaidia, lakini vina hatari mbili.

Ya kwanza ni chumvi. Karibu na pwani, maji ya chumvi yamo chini ya ardhi. Maji baridi ni mepesi, hivyo hukaa juu yake. Tukivuta maji mengi kuliko mvua inavyorudisha, chumvi husogea. Kisima kilichokuwa kitamu huanza kukataa sabuni. Bahari ikipanda kwa sababu ya joto, hali huzidi kuwa mbaya.

Ya pili ni uchafu. Katika mitaa iliyobanana kama Kiwalani, choo cha jirani kinaweza kuwa hatua chache kutoka kisimani. Mvua kubwa ikijaza choo, uchafu huingia kisimani. Maji yanaweza kuonekana safi kumbe yana kipindupindu. Basi tuyachemshe, au tuyatie dawa ya maji, hata kama macho yanasema ni safi.

TUFANYE NINI?

Serikali ina kazi yake. Novemba 2022 ulizinduliwa mradi wa visima virefu vya Kigamboni. Mwezi huo huo ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro. Bwawa hilo limepangwa kuweka lita bilioni 190, ili maji ya masika yatumike wakati wa kiangazi. Lakini bwawa haliumbi mvua. Milima ikibaki mitupu, mvua italeta matope, nayo matope yatajaza bwawa.

Sisi wa kijijini tuache kulima ukingoni mwa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Anayetaka kuvuta maji kwa pampu aombe kibali kwenye bodi ya bonde. Tujiunge na jumuiya za watumia maji, ili wakati wa ukame tugawane kwa makubaliano, si kwa mapanga. Mlimani tulime kwa matuta na tuulinde msitu. Na mjini nao waelewe: mkulima hawezi kulinda mlima huku watoto wake wana njaa. Anayekunywa maji chini amsaidie anayelinda chemchemi juu.

Sisi wa mjini tutoe taarifa bomba likipasuka, na tuvune maji ya mvua. Hesabu ni rahisi. Paa la mita 6 kwa mita 5 lina mita za mraba 30. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, ni lita 300. Hata zikipotea lita 60, zinabaki ndoo 12. Tuache mvua ya kwanza ioshe bati, kisha tukinge. Pipa tulifunike, mbu wasizaliane. Haba na haba hujaza kibaba.

Yule mama wa Kiwalani alipomaliza kupiga hesabu hiyo katika daftari lake, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe kila mvua inaponyesha, naziangalia ndoo kumi na mbili zinakwenda mtaroni, halafu asubuhi nakwenda kununua mbili."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Maji ya kijiji au mtaa wenu yanatoka wapi? Nani mwingine anayatumia?
2. Ni chemchemi au kisima gani kilichokauka tangu mlipokuwa watoto? Mnadhani kwa nini?
3. Pimeni paa la nyumba moja. Mvua ya milimita 10 itatoa ndoo ngapi?