Ngano ya Basotu na Utafiti Ulioachwa Njiani

Unga wa ngano unaokandiwa maandazi Dongobesh, wilayani Mbulu, umesafiri mbali kuliko wengi wa wanaoyala. Takribani asilimia 90 ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa nje, na vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, mama lishe wa Mbulu naye alilipia. Linalouma ni kwamba Basotu, wilayani Hanang, si mbali na Dongobesh. Na hapo Basotu ndipo taifa lilipoweka tumaini lake kubwa la kujitosheleza kwa ngano.

Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kupitia shirika la NAFCO na kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kila moja lilikuwa na takribani ekari 10,000. Matrekta, mashine za kuvunia na vipuri vilitoka Kanada. Kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, kilijengewa uwezo, vijana wetu wakapelekwa masomoni, na zikatoka mbegu zenye majina ya kwetu: Mbayuwayu, Tausi, Juhudi.

Mradi ule ulianza na dhuluma. Ardhi iliyolimwa ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, na plau zilipita hata juu ya makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilidai haki mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha kikashindwa Mahakama ya Rufaa. Malalamiko yalizidi hadi serikali ikaunda Tume ya Kisanga mwaka 1993. Mwaka huohuo Kanada ikaondoka. Vipuri vikakosekana, matrekta yakalala, na mwishowe mashamba mengine yakabinafsishwa, mengine yakarudi kwa wananchi.

Habari ya mashamba inajulikana. Ya utafiti haisimuliwi sana, nayo ndiyo iliyotugharimu kwa muda mrefu zaidi. Utafiti wa ngano ulikuwa umefungwa kwenye mashamba makubwa na kwenye mfuko wa mfadhili mmoja. Mfadhili alipoaga, watafiti walibaki na ujuzi wao, ila fedha za kuutumia zikawa haba.

Ngano haimsubiri mtu. Ingia shamba lenye ugonjwa wa kutu, pitisha kidole kwenye shina: kinatoka na vumbi la rangi ya matofali. Kila chembe ya vumbi hilo ni mbegu ya ugonjwa, hupeperushwa na upepo na kuvuka mipaka bila kibali. Mwaka 1998 mtafiti William Wagoire aliikuta Uganda kutu ya shina iliyoangusha ngano zilizokuwa zikilindwa na kinga iliyotegemewa karibu dunia nzima. Ikaitwa Ug99. Muongo mmoja baadaye ilikwishafika Tanzania.

Hapo ndipo thamani ya utafiti wa kimataifa ilipoonekana. Kituo cha CIMMYT cha Mexico, ambako Norman Borlaug alifanyia kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1970, kiliungana na watafiti wa Kenya kule Njoro. Tangu mwaka 2005 maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi zimepandwa Njoro, zikaachiwa kutu makusudi, na zile zilizosimama zikachaguliwa. Mbegu hustahimili kwa muda tu; kutu ikibadilika, kazi huanza upya.

Kwetu Mbulu tunda la utafiti lililodumu ni maharage. Selian, ikishirikiana na kituo cha kimataifa cha CIAT, ilitoa maharage kama Lyamungo 90 na Jesca. Maharage huingia kwenye shamba la ekari moja, hupandwa pamoja na mahindi, na mbegu yake mama huitenga ndani ya debe hadi msimu ujao. Hayangoji trekta. Mbegu iliyofika mikononi mwa mkulima mdogo haikuondoka na mgeni. Hata hivyo, nayo huchakaa, na kuihuisha kunahitaji maabara.

Sasa fedha za nje zinapungua tena. Shirika la Marekani la USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa utafiti wa kilimo Afrika, lilifungwa rasmi Julai 2025. Tulikwisha kuonywa Basotu. Lengo la Afrika ni kila nchi kutumia angalau asilimia 1 ya pato la kilimo kwenye utafiti, na Tanzania iko chini mno ya hapo. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, haiwezi kupanga kazi ya miaka kumi kwa bajeti ya kubahatisha.

Tuwashukuru wageni wakija, tushirikiane nao kama wenzetu. Lakini mshahara wa mtafiti, shamba la majaribio na ghala la mbegu vigharamiwe na sisi, mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa. Wabunge wa Manyara wanapaswa kulidai hilo bajeti ya kilimo inaposomwa, na sisi wapiga kura tuwaulize walipata nini.